SOGA ZA MJI MDOGO: Jinsi ya Kuisikia Historia katika Mazungumzo ya Majirani

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa mpendwa, waulize wanafunzi wa kidato chochote soga ni nini, nawe utapata jibu moja: "Soga ni mazungumzo ya kupitisha wakati." Jibu hilo ni sahihi na litapewa alama. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo. Wanapotakiwa kufafanua sifa za soga, kueleza umuhimu wake au kuchambua kifungu walichopewa, kalamu hukauka. Kisa na maana, walikariri ufafanuzi bila kuisikiliza soga yenyewe, ilhali hakuna kipera cha fasihi simulizi kilicho karibu nao zaidi. Watambaji wa ngano za jadi wamepungua na majigambo yamebaki kwenye sherehe chache. Soga ingalipo kila jioni, kwenye kibaraza cha duka, kwa kinyozi, kwenye stegi ya matatu na penye mfereji wa maji.

Katika makala haya tutaichunguza soga ya mji mdogo, hasa ile inayogusia historia ya mahali. Tutatumia mji wa Voi, kaunti ya Taita Taveta, kama kielelezo. Mji huo ulikua kutokana na reli, na miji ya namna hiyo ina hazina kubwa ya masimulizi kwa sababu wakazi wake walitoka pembe nyingi. Unaweza kuyahamisha tutakayoyasema hadi mjini kwako, uwe Mumias, Makindu, Eldoret au Mtito Andei.

1. SOGA NI NINI HASA?

Soga ni kipera cha utanzu wa mazungumzo. Ndugu zake ni hotuba, mawaidha, malumbano ya utani, ulumbi na maapizo. Soga hutofautiana na hotuba kwa kuwa haina msemaji mmoja aliyepewa jukwaa. Aidha, hutofautiana na mawaidha kwa kuwa hakuna aliyekuja kuonywa. Sifa zake kuu ni hizi:

(i) Haina mpangilio maalum. Mada huruka kutoka jambo moja hadi jingine.
(ii) Huwa na ucheshi, utani na kejeli.
(iii) Hutumia chuku kwa wingi.
(iv) Huchanganya ukweli na ubunifu.
(v) Hushirikisha watu wanaofahamiana, aghalabu wa hirimu moja.
(vi) Hufanyika mahali na wakati wa mapumziko.

Sifa ya tano inahitaji kuangaliwa kwa makini. Tunaposema "aghalabu wa hirimu moja" hatumaanishi siku zote. Mjini, kinachowaunganisha wanasoga mara nyingi ni mtaa, wala si umri. Mzee na kijana wanaweza kupiga soga pamoja bila kuvunjiana heshima. Isitoshe, katika jamii zetu nyingi babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana ambayo baba na mwana hawana.

2. KIELELEZO

Soma soga ifuatayo. Tumeibuni kwa ajili ya somo hili, na wasemaji tumewapa majina ya kazi zao. Mahali ni kibanda cha chai karibu na stesheni ya zamani ya Voi. Ni saa kumi na mbili jioni.

KIJANA WA BODA: Shikamoo babu. Leo drafti hamchezi?
MZEE WA RELI: Marahaba mjukuu wangu. Tucheze na nini, na kete mbili zimeliwa na panya?
FUNDI VIATU: Panya gani! Hao ni simba wa Tsavo. Watu wamewaisha, sasa wameingilia kete.
(Kicheko.)
MAMA CHAI: Nyinyi na simba wenu! Kila jioni wanaongezewa shibe. Juzi walikula watu mia, leo watafika mia mbili.
KIJANA WA BODA: Shuleni tulisoma ni mia moja thelathini na watano.
MZEE WA RELI: Na aliyehesabu ni nani? Babu yangu alichota maji kambini pale darajani. Alisema usiku mtu ataota moto na wenzake, asubuhi akiitwa haitiki. Mtu huyo hakuandikwa popote.
FUNDI VIATU: Ndiyo hayo. Hata jina la mji huu wengi hawajui lilikotoka. Ni Mkamba mmoja, Kivoi. Alipiga kambi hapa mtoni na msafara wake. Bwana huyo alikuwa mrefu! Akisimama hapa, kivuli chake kinaanguka Mwatate.
MAMA CHAI: Ehe! Kumbe Wakamba ndio wenye mji. Ndiyo maana fundi hulipi deni la chai, unasubiri sisi tukulipe kodi.
(Kicheko.)
MZEE WA RELI: Mji wa stesheni hauna mwenyewe. Garimoshi lilimshusha kila mtu.
MAMA CHAI: Lilimshusha kila mtu, mzee. Lakini ploti hazikumshukia kila mtu.
(Kimya.)
KIJANA WA BODA: Mama, niongezee chai. Na hiyo sukari usinihesabie.

Ukiisoma haraka utaona porojo. Isome tena polepole, ukijiuliza baada ya kila kauli: msemaji anafanya nini kwa maneno haya?

3. SOGA KAMA KIKAPU CHA VIPERA VINGINE

Jambo la kwanza la kumwonyesha mwanafunzi ni kwamba soga hubeba vipera vingine ndani yake. Fasihi simulizi ni hai, na vipera vyake huingiliana. Katika soga yetu fupi tunaweza kuvibainisha vinne.

(a) Usuli. Fundi anaeleza chanzo cha jina la mji. Hadithi ya usuli hujibu swali la jambo fulani lilianzaje. Majina ya miji ya Kenya yamezungukwa na hadithi kama hizo. Mtito Andei huelezwa kuwa msitu wa tai katika Kikamba. Makindu huhusishwa na mikindu. Mumias ulipata jina kutokana na Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga aliyefariki mwaka 1949. Eldoret hadi leo huitwa "Sisibo" na wenyeji wake, yaani sitini na nne kwa Kiingereza kilichomeng'enywa, kwa kuwa mji ulianzia kwenye shamba lililokuwa na nambari hiyo.

(b) Kisakale (au mighani). Fundi hamtaji Kivoi kama mtu wa kawaida. Anamkuza hadi kivuli chake kifike Mwatate. Huo ndio mtindo wa kisakale: shujaa wa kihistoria hutiwa chuku hadi apite kimo cha binadamu. Kivoi anayejulikana katika maandishi alikuwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, ambaye misafara yake ilifika pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa mgeni wake, na mwaka 1851 Kivoi aliuawa katika shambulizi walipokuwa safarini pamoja. Sasa linganisha na masimulizi ya Voi. Kuna wanaosema Kivoi aliyeupa mji jina aliishi karibu na mto huo miaka mia nne iliyopita. Ikiwa ni mia nne, hawezi kuwa huyu wa Krapf. Ikiwa ni huyu wa Krapf, miaka hiyo imevutwa. Mkanganyiko wa namna hii ni ushahidi mzuri kwamba wakati katika kisakale hupimwa kwa umbali wa heshima, wala si kwa kalenda. Mwambie mwanafunzi autaje mkanganyiko huo badala ya kuuficha.

(c) Kumbukumbu. Mzee anasimulia aliyoyapokea kwa babu yake aliyechota maji kambini. Hapa hakuna kivuli kirefu wala mbwembwe. Tazama jinsi lugha inavyobadilika: sentensi zinafupika, na kitendo ni cha kawaida kabisa, mtu kuota moto. Tofauti hii ya mtindo kati ya kauli ya fundi na ya mzee inatosha kumpa mtahiniwa hoja mbili au tatu.

(d) Tarihi. Tarihi ni masimulizi yanayofuata mpangilio wa miaka na matukio. Katika soga haikai waziwazi, ila kijana anaileta kwa mlango wa nyuma anapotaja idadi aliyoisoma shuleni. Kijana ndiye sauti ya maandishi katika kibanda hicho. Mvutano kati yake na mzee ni mvutano kati ya kitabu na kumbukumbu, nao ndio tutakaoutazama sasa.

4. UKWELI WA SOGA

Wanafunzi hupenda kuuliza: "Mwalimu, kwani soga ni kweli au uongo?" Swali hilo linastahili jibu pana kuliko ndiyo au la.

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India, na kati yao wapatao 2,500 walifariki kutokana na maradhi, ajali na hatari nyinginezo. Mwaka 1898, wakati daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, simba dume wawili waliwavamia wafanyakazi kwa miezi kadhaa. Msimamizi wa ujenzi, John Henry Patterson, aliwaua simba hao mwezi Disemba mwaka huo. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo, na mwaka 1924 ngozi na mafuvu ya simba hao viliuzwa kwa Field Museum huko Chicago, viliko hadi leo.

Waliouawa walikuwa wangapi? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Katika kitabu chake, Patterson alitaja Wahindi 28 na kuongeza kwamba walikuwapo pia Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka rekodi rasmi yao. Baadaye idadi ya 135 ikaenea. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemikali katika nywele na mifupa ya simba hao walikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Makadirio hayo yanahusu walioliwa, kwa hiyo hayahesabu waliouawa bila kuliwa.

Sasa rudi kwenye soga. Mama Chai anaucheka mtindo wa kuongeza idadi kila jioni. Anafanya kazi ya mhakiki bila kujua, kwa kuwa ametambua chuku na kuitaja. Kijana anategemea idadi ya kitabu. Mzee naye anauliza swali ambalo maandishi yenyewe yanalihalalisha: aliyehesabu ni nani? Wahindi walihesabiwa kwa kuwa walikuwa na mikataba ya kazi na majina yao yalikuwa katika daftari. Mwafrika aliyechota maji au kufyeka njia aliweza kufa bila kalamu kumfikia. Idadi inayotajwa kibandani huenda ikawa imetiwa chumvi, lakini malalamiko yaliyo chini yake yana msingi.

Hivyo basi, mfundishe mwanafunzi kutenganisha mambo mawili. Kwanza, ukweli wa tukio: je, jambo lilitokea, lini, na kwa nani? Huu hupimwa kwa kulinganisha na vyanzo vingine. Pili, ukweli wa hisia: je, jamii inaonaje ilivyotendewa? Huu husikika katika soga kuliko katika daftari lolote. Mtahiniwa anayeandika kwamba "soga ni uongo mtupu" amekosea. Anayeandika kwamba kila linalosemwa barazani ni historia amekosea vilevile.

5. MBINU ZA LUGHA

Mtahini anapokupa kifungu cha soga, hutarajia utaje mbinu na uzifafanue kwa mifano. Katika kielelezo chetu zimo hizi:

(i) Chuku: "kivuli chake kinaanguka Mwatate".
(ii) Utani: fundi kuwasingizia simba wa mwaka 1898 kula kete za drafti.
(iii) Kejeli: "kila jioni wanaongezewa shibe".
(iv) Balagha: "Na aliyehesabu ni nani?" Mzee hangoji jibu.
(v) Takriri na uchezaji wa neno: kitenzi "kushusha" cha mzee kinapokewa na Mama Chai na kugeuzwa kuwa "kushukia". Garimoshi linashusha abiria, ila ploti "haziwashukii" wote. Neno moja la safari limehamishwa hadi kwenye umilikaji wa ardhi.
(vi) Kimya. Wengi hawakitaji. Hata hivyo, katika uwasilishaji wa fasihi simulizi kimya ni sehemu ya utendaji, sawa na kicheko na ishara za mikono. Soga yetu ina vicheko viwili na kimya kimoja. Kimya kinakuja pale pale ardhi inapotajwa.

Ni vyema kutaja pia adabu ya maneno. Kijana anaanza kwa "shikamoo", na Mama Chai anapompinga mzee kwa ukali zaidi ndipo anapomwita "mzee" mwishoni mwa sentensi. Cheo hicho kinalainisha pigo. Lugha ya soga ina kanuni zake, hata inapoonekana haina.

6. DHIMA YA SOGA NA SWALI LA MWENYEJI NI NANI

Orodha ya kawaida ya dhima za soga tunaijua: kuburudisha, kukuza urafiki, kuelimisha, kukosoa, kuhifadhi historia, kukuza ubunifu wa lugha. Orodha hiyo ni sahihi. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha katika mji wa watu mchanganyiko hana budi kuipeleka mbele zaidi, kwa sababu soga kuhusu historia ya mji karibu kila mara hugusa swali moja zito: nani alifika kwanza?

Swali hilo linaweza kuulizwa kwa kicheko, kama Mama Chai alivyofanya aliposema Wakamba ndio wenye mji. Palipo na utani, mizani ni sawa: leo wewe unachekwa, kesho mimi. Fundi anacheka pia kwa kuwa anajua deni lake la chai lipo kweli. Lakini maneno yayo hayo yakisemwa mahali pengine, na mtu mwenye nia nyingine, huacha kuwa utani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Mapanga hayakuanza siku moja. Katika sehemu kadhaa yalitanguliwa na maneno ya miaka mingi kuhusu mwenyeji na mgeni. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitungwa baada ya hayo, nayo inaharamisha matamshi ya chuki ya kikabila.

Mwanafunzi aliyesoma riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyowahi kuwa kitabu teule cha KCSE, analijua jambo hili. Ridhaa anatengwa tangu utotoni kwa kuonekana mtu wa kuja, na baadaye vurugu za baada ya uchaguzi zinamnyang'anya jamaa na makao. Unapoifundisha soga, mkumbushe uhusiano huo. Fasihi simulizi na fasihi andishi zinakutana hapa: neno dogo la mtaani ndilo mbegu ya tukio kubwa la riwaya.

Tofauti kati ya utani na uchochezi tunaweza kuipima kwa maswali manne:

(a) Je, anayetaniwa yupo, na ana nafasi ya kujibu?
(b) Je, utani unazunguka, au daima unamwangukia mtu au kundi moja?
(c) Je, unagusa tabia na deni la chai, au unagusa haki ya mtu kuishi pale alipo?
(d) Baada ya kicheko, je, watu wanaketi pamoja kesho?

Ikiwa jibu la swali la (a) na (d) ni la, hiyo si soga tena hata kama watu wanacheka.

Kauli ya mzee kwamba "mji wa stesheni hauna mwenyewe" ina hekima, kwani inampa kila mtu nafasi. Ila usimruhusu mwanafunzi aipokee bila kuihoji. Mama Chai ameihoji tayari. Kusema mji hauna mwenyewe kunaweza kuwa njia ya kuwasahau waliokuwa wakilisha mifugo na kulima kabla ya reli kupita. Kusema una mwenyewe kunaweza kuwa njia ya kuwafukuza waliozaliwa papo hapo. Soga nzuri huyashika yote mawili bila kuamua. Uhakiki mzuri hueleza kwa nini haikuamua.

7. NANI HAYUPO BARAZANI?

Ukichambua soga, hesabu waliopo kisha waulizie wasiokuwapo. Barazani kwenye drafti aghalabu ni wanaume. Katika kielelezo chetu mwanamke yupo kwa kuwa anauza chai. Yeye yuko kazini, wengine wamepumzika. Hata hivyo, ndiye anayesema maneno mazito kuliko wote. Wanawake wengine wana mabaraza yao: kwenye chama, kwa msusi, sokoni na mtoni. Historia ya mji inayosimuliwa huko ni nyingine. Kwenye drafti utasikia nani alijenga reli, kwa msusi utasikia nani alizalia wapi mwaka wa njaa na nani alimhifadhi. Darasa likikusanya soga za stesheni pekee, litapata nusu ya mji.

Wakati nao hubadilisha mabaraza. Treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza safari mwaka 2017, stesheni ya zamani ilipoteza abiria wake. Chai na karanga huuzwa mahali abiria wanaposhuka, na soga hufuata chai. Wakati huohuo, wazee waliopokea masimulizi ya ujenzi wa reli kutoka kwa babu zao wanazidi kupungua. Kila mmoja anapoondoka bila kuhojiwa, mtu yule aliyeota moto akaitwa asiitike anakufa mara ya pili.

8. KUIKUSANYA SOGA

Swali la ukusanyaji wa fasihi simulizi hutahiniwa mara kwa mara, na njia bora ya kulielewa ni kulifanya. Jaribu hatua zifuatazo na darasa lako:

(i) Gawa darasa katika makundi ya wanafunzi wanne. Kila kundi lichague baraza tofauti: stegi, kinyozi, soko, mfereji.
(ii) Waombe ruhusa. Mwanafunzi ajitambulishe na aseme anakusudia nini. Kurekodi watu kwa simu kisirisiri ni ukosefu wa adabu na huharibu imani ya jamii kwa shule.
(iii) Wakae wasikilize kwanza. Soga ikiulizwa maswali mapema hugeuka mahojiano. Njia inayofaa ni kushiriki na kutazama. Maswali yaje mwishoni.
(iv) Waandike mambo matatu kando ya maneno: nani alicheka, nani alinyamaza, na mada ilibadilika wapi.
(v) Wasitaje majina halisi wanapowasilisha darasani. Watumie majina ya kazi kama tulivyofanya.
(vi) Jambo la kihistoria likitajwa, walitafutie angalau chanzo kimoja kingine: mzee mwingine, maandishi katika maktaba, jiwe la kaburi. Voi, kwa mfano, ina makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), wakati reli ya kijeshi ilipojengwa kutoka mjini humo kuelekea Taveta. Jiwe lina jina na mwaka. Kumbuka hata hivyo kwamba wapagazi wengi wa Kiafrika waliofariki katika vita hivyo hawakupata jiwe, kwa hiyo swali la mzee linarudi: aliyehesabu ni nani?

Matatizo watakayoyapata ndiyo yale yanayotajwa mtihanini: watu kudai malipo, kelele, kubanwa na wakati, kutoaminiwa, lugha kuchanganywa. Mwanafunzi aliyekutana nayo hatahitaji kuyakariri.

9. KWA MTAHINIWA

Katika Karatasi ya Tatu (102/3) kila swali lina alama 20. Ukipewa kifungu cha soga, fanya hivi: taja kipera na utoe sababu mbili kutoka kifunguni, kisha bainisha mbinu za lugha kwa kudondoa, halafu eleza dhima ukihusisha na wasemaji waliopo. Usitoe orodha tupu. Hoja bila mfano ni kama chai bila moto. Soma kifungu kizima kabla ya kuandika, na utie alama mahali mada inapogeuka ghafla. Aghalabu hapo ndipo jibu lilipojificha. Katika kielelezo chetu, kijana anaomba chai baada ya kimya. Ameokoa mazungumzo. Mtahiniwa atakayeona kwamba ombi la chai ni kitendo cha kulinda ujirani atakuwa ameielewa soga barabara.

ZOEZI

1. (a) Eleza tofauti nne kati ya soga na mawaidha. (alama 8)
(b) Kwa kurejelea kielelezo, fafanua sifa sita za soga. (alama 12)

2. "Soga huhifadhi yale ambayo daftari halikuyaandika." Thibitisha ukweli wa kauli hii huku ukionyesha pia mipaka yake. (alama 20)

3. (a) Bainisha vipera vinne vya fasihi simulizi vinavyojitokeza ndani ya kielelezo. (alama 8)
(b) Jadili umuhimu wa kicheko na kimya katika uwasilishaji wa soga hiyo. (alama 6)
(c) Eleza matatizo sita ambayo mkusanyaji wa soga anaweza kukumbana nayo katika mji wenu. (alama 6)

Swali la pili lifanyeni kwa makundi, na kila kundi lilete mfano mmoja kutoka mtaani kwao. Mkilisahihisha pamoja darasani, mtashangaa jinsi jibu la kundi la stegi linavyotofautiana na la kundi la sokoni.